Mark Spencer na Maktaba Inayojua Lugha Nyingi

Mwaka 1998 Mark Spencer, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, alianza kuandika Gaim, programu iliyowawezesha watumiaji wa Linux kuzungumza na wenzao waliokuwa kwenye AIM, huduma ya ujumbe ya kampuni ya AOL. Wasanidi wengine walijiunga naye wakaongeza huduma nyingine, ambazo kila moja ilikuwa na itifaki yake, yaani kanuni za jinsi kompyuta zinavyotambuana na kupokezana maneno.

Mchango mkubwa zaidi wa kazi hiyo hauonekani kwenye skrini, kwa kuwa ni ule wa kutenganisha sura ya programu na mitambo yake ya ndani, ambayo iliwekwa katika maktaba, yaani msimbo ambao programu nyingine huuazima badala ya kuuandika upya. Mtu anapobofya “tuma”, dirisha huikabidhi maktaba maneno yake, nayo huyafunga kwa namna ambayo seva inaielewa, na jibu linaporudi hulifungua na kuliarifu dirisha.

Mwaka 2007, baada ya mvutano na AOL kuhusu jina, Gaim ikawa Pidgin, neno linalofaa sana kwani hutaja lugha sahili ya watu wasio na lugha moja, na maktaba ikaitwa libpurple. Maktaba hiyohiyo ndiyo inayoendesha Adium kwenye kompyuta za Mac, na pia Finch, inayotumia maandishi matupu.