Makovu ya Viputo Vilivyogongana

Hakuna darubini inayoweza kuonyesha ulimwengu jirani. Kwa nadharia ya mfumuko wa milele, iliyojengwa miaka ya 1980 na Alexander Vilenkin na Andrei Linde juu ya wazo la Alan Guth, anga kuu halikomi kutanuka; hapa na pale sehemu yake hutulia na kuwa kiputo, yaani ulimwengu kamili. Viputo viwili vikizaliwa karibu vinaweza kugongana.

Mahubiri na video za simu zinazotangaza kwamba ulimwengu mwingine unakuja kuubomoa huu ni upotoshaji mtupu. Kinachotafutwa ni kovu la tukio la kale sana, lililobaki kwenye mwanga ulioachiliwa miaka 380,000 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, ambao joto lake leo ni kelvini 2.725. Kovu hilo lingekuwa duara, lenye joto lililozidi au kupungua kidogo.

Macho hayatoshi kulitambua. Kwenye ramani ya mwanga huo iliyotokana na satelaiti ya WMAP watu waliona hata herufi S na H, za jina la Stephen Hawking! Ndiyo maana mwaka 2011 Stephen Feeney, Matthew Johnson, Daniel Mortlock na Hiranya Peiris waliiachia programu kazi ya kusaka. Ilitoa madoa manne ya kufuatiliwa, lakini hesabu haikuthibitisha mgongano wowote.

Doa linalotajwa zaidi ni Doa Baridi, katika kundinyota la Eridanus. Mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo ukiwa huko mwishoni mwa Desemba, saa tatu usiku, eneo hilo huwa nyuzi kama 20 tu kusini mwa utosi, pana kama ngumi ya mkono ulionyooshwa. Jicho halioni kitu pale ila nyota hafifu. Ubaridi wenyewe ni takriban mikrokelvini 70 chini ya wastani. Mwaka 2015 István Szapudi na wenzake walitaja kuwa sababu yake ni uwazi mkubwa wenye galaksi chache. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham walipima umbali wa galaksi 7,000 hivi upande huo, wakakuta uwazi hautoshi kuwa sababu. Magazeti yakarukia viputo, ilhali watafiti haohao walikadiria kwamba bahati tupu huzaa doa la namna hiyo mara moja katika 50.

Kipimo kinachofuata ni mwelekeo wa mitetemo ya mwanga ule wa kale: mgongano ungeacha pete humo pia. Hata pete isipoonekana, nadharia haianguki, kwa kuwa mfumuko uliodumu sana ndani ya kiputo hulinyoosha kovu hadi lisipimike.