Mchezo ambao wote mko upande mmoja: jinsi ya kuuanza na marafiki kiangazi hiki

Ni Julai. Mahindi mengi yameshavunwa, baridi ya Nyanda za Juu Kusini imekaza, na jioni watu hawana haraka kama ya msimu wa palizi. Ukipita kijiweni utakuta drafti: wawili wanacheza, wanane wamesimama wanatazama, na kila mtazamaji anajua kucheza kuliko wachezaji wenyewe. Bao la kete nalo ni hivyo hivyo. Lina mashimo 32, kete 64 na watu wawili. Mmoja atashinda, mwingine atachekwa mpaka kesho yake.

Ipo aina nyingine ya mchezo ambayo wachezaji wote wako upande mmoja. Mnashinda pamoja au mnashindwa pamoja, na adui yenu ni mchezo wenyewe. Baadhi ya michezo hiyo huendelea wiki hadi wiki, kama mchezo wa kuigiza wa redio: kilichotokea Jumamosi iliyopita kinabaki, na Jumamosi hii mnaanzia hapo. Mwendelezo huo ndio huitwa kampeni. Hapa hatuzungumzii kampeni ya uchaguzi, ni msimu mzima wa mchezo mmoja unaochezwa na watu walewale.

Makala hii inaeleza mchezo wa namna hiyo unavyofanya kazi, kwa nini makundi mengi huuanza na kuuacha, na namna mnavyoweza kujitengenezea wa kwenu kwa karata, boksi na punje za mahindi.

Mfano unaojulikana duniani

Mwaka 2008 Mmarekani Matt Leacock alitoa mchezo uitwao Pandemic. Ubao wake ni ramani ya dunia yenye miji 48, na magonjwa manne yanaenea. Wachezaji ni wawili hadi wanne, na kila mmoja ana kazi yake: yupo daktari, yupo mtafiti, yupo mwanasayansi. Mji ukishakuwa na alama tatu za ugonjwa na ya nne ikaja, ugonjwa unalipuka na kuvuka kwenda miji yote jirani. Milipuko ikifika minane, wote mmeshindwa.

Mwaka 2015 Leacock na mwenzake Rob Daviau wakatoa toleo la kampeni, Pandemic Legacy. Hilo huchezwa kwa miezi kumi na miwili ya mchezo, Januari hadi Desemba. Mkishindwa mwezi mmoja mnaujaribu mara ya pili, kisha mnasonga mbele hata kama mmeshindwa tena. Kwa hiyo kampeni nzima ni vikao 12 hadi 24. Mnaandika juu ya ubao, mnabandika vibandiko, mnachana karata. Mji ulioharibika haurudi kuwa mpya.

Jambo jingine la kujifunza kwake ni hili: mkishinda, msaada mnaopewa kikao kinachofuata unapungua. Mkishindwa, unaongezwa. Hivyo kundi hodari halichoki kwa urahisi, na kundi changa halikati tamaa.

Tatizo la boksi hilo kwetu ni kwamba maelekezo yake ni ya Kiingereza, kuliagiza ni gharama, na likishachezwa hadi mwisho halirudiwi. Lakini wazo lake halihitaji boksi.

Kinachoua kampeni

Sheria ngumu huua kampeni chache. Nyingi hufa kwa sababu watu waliahidi muda wasiokuwa nao. Kikao cha kwanza wanakuja wote, cha tatu mmoja ana msiba, cha tano mwingine yuko mnadani, cha sita hakuna anayepiga simu kuuliza. Na kwa kuwa mlianza kama marafiki, mnabaki na aibu kidogo kila mkikutana.

Kwa hiyo kabla ya kuchora ubao, kubalianeni mambo manne.

Kwanza, msimu. Sehemu kubwa ya Mbeya na Iringa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili au Mei. Mkianza Julai, kikao kimoja kwa wiki, mtapata vikao 12 kabla Septemba haijaisha, na Oktoba mnabaki huru kuandaa mashamba. Mkianza Novemba mnajidanganya. Walioko Rungwe na Kyela, ambako mvua hukaa muda mrefu zaidi, wapange kwa kalenda ya kazi zao. Kampeni ya kwanza isizidi vikao vinane. Mkimaliza vinane mna hamu, ongezeni.

Pili, siku na saa. Chagueni siku moja isiyo ya mnada wala ya ibada, na saa ya kumaliza muitaje mapema. Kuanzia saa moja usiku mpaka saa mbili na nusu panatosha. Mama au mke anayejua kwamba saa mbili na nusu mchezo umekwisha hatakuwa na neno.

Tatu, asiyekuja. Kubalianeni kwamba watatu kati ya wanne wakifika, mnacheza. Mhusika wa asiyekuwepo anapumzika siku hiyo, na mwenyewe hatozwi faini wala kusemwa. Atume ujumbe kabla ya saa kumi jioni, basi.

Nne, anayeamuru. Katika kila kundi yupo mmoja, mara nyingi ndiye aliyesoma sheria, ambaye atataka kuwachezea wote: "Wewe nenda Mafinga, wewe kaa hapo, wewe ngoja." Wengine wanageuka mikono yake. Dawa yake ni sheria mbili. Mwenye zamu ndiye mwenye neno la mwisho, hata kama anakosea. Na mnaposhauriana, mdogo kwa umri husema kwanza, mkubwa humalizia. Tumezoea kinyume chake, na ndiyo maana inasaidia: mkubwa akishasema, nani atapinga?

Mchezo wa kutengeneza wenyewe

Viwavijeshi vamizi waliripotiwa Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 walikuwa wameshaingia Tanzania. Mkulima wa mahindi anajua wanavyofanya: nondo anaruka usiku, anataga, na viwavi wanajificha ndani ya moyo wa mhindi. Ukisafisha shamba lako na jirani akaacha lake, wanarudi. Huo ni mchezo wa kushirikiana tayari.

Mnahitaji seti moja ya karata 52, kipande cha boksi, kalamu, punje za mahindi kama 60, na vizibo vinne vya soda vyenye alama tofauti, kimoja kwa kila mchezaji.

Choreni vituo 13 na kuvipa karata zake: Iringa (A), Ifunda (2), Mafinga (3), Nyololo (4), Makambako (5), Njombe (6), Igawa (7), Chimala (8), Igurusi (9), Uyole (10), Mbeya (J), Tukuyu (Q) na Kyela (K). Ungeni kwa mstari kutoka Iringa, Ifunda, Mafinga, Nyololo, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, Uyole hadi Mbeya. Makambako iwe na tawi la kwenda Njombe. Uyole iwe na tawi la kwenda Tukuyu, na Tukuyu kwenda Kyela. Barabara halisi ina vituo vingi zaidi, lakini hivi vinatosha.

Sheria ni hizi:

1. Changanyeni karata. Fungueni sita za mwanzo, na kila karata iliyotoka iweke punje moja kwenye kituo chake. Punje ni viwavi. Wachezaji wote wanaanzia Makambako.

2. Kwenye zamu yako una kazi tatu. Kazi moja ni kusogea kituo kimoja, au kuondoa punje moja mahali ulipo.

3. Ukimaliza, fungua karata mbili. Nyekundu inaongeza punje moja kwenye kituo chake, nyeusi inaongeza mbili. Karata zilizotumika hazirudi.

4. Kituo kinabeba punje tatu tu. Ya nne ikija haiwekwi. Badala yake kila kituo jirani kinapata punje moja, na mnaandika mlipuko mmoja. Kama jirani naye alikuwa na tatu, analipuka pia. Kituo hakilipuki mara mbili katika mnyororo huo mmoja.

5. Milipuko ikifika mitano, mmeshindwa. Karata zikiisha kabla ya hapo, mmeshinda.

Kila mmoja achague kazi yake. Afisa ugani anaondoa punje mbili kwa kazi moja. Dereva wa bodaboda anasogea vituo viwili kwa kazi moja. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kutumia kazi yake kumsogeza mwenzake kituo kimoja, mwenzake akikubali. Mtangazaji wa redio anaweza kutumia kazi moja kuchungulia karata ya juu na kuwaambia wenzake kabla haijafunguliwa.

Zamu zote ni 23. Mkicheza bila mabishano marefu, ni kama saa moja. Mtaona mapema kwamba Makambako na Uyole ndizo za kulinda, kwa sababu ni njia panda: kila moja ikilipuka inamwaga viwavi pande tatu. Mtaona pia kwamba mkikaa wote upande wa Iringa, Kyela itawaka bila mtu.

Jinsi unavyokuwa kampeni

Mwisho wa kila kikao, wekeni alama ya X kwa kalamu kwenye kila kituo kilicholipuka. Kikifikisha X tatu, kuanzia hapo kinabeba punje mbili tu. Mkishinda, chagueni kituo kimoja mkijengee ghala: choreni kinyumba kidogo, na tangu hapo kituo hicho kinabeba punje nne. Kituo chenye X tatu na ghala kinabeba tatu.

Mkishinda, kikao kijacho kiwango cha kushindwa kishuke kwa mlipuko mmoja: badala ya mitano iwe minne. Mkishindwa, kipande kwa mmoja. Kisishuke chini ya miwili. Mkiona ni rahisi mno au ni mgumu mno, badilisheni, ila mbadilishe baada ya kikao, kamwe si katikati.

Wekeni daftari. Tarehe, nani alikuwepo, nini kililipuka, mlijenga wapi. Mistari mitatu inatosha. Wiki ya sita mtu atauliza, "Hivi hii X ya Igawa ilikuwaje?" na daftari litajibu. Bila daftari mna punje na boksi tu. Ubao na daftari vikae nyumba moja, mahali ambapo panya na watoto hawafiki. Punje mnaweza kuzibadilisha.

Jioni ya kwanza

Alikeni watu watatu, si kumi. Wanne ni kundi zuri. Wa tano awe wa akiba na ashike daftari. Chagueni watu mnaoonana kirahisi hata bila mchezo. Rafiki anayeishi umbali wa saa moja kwa bodaboda atakuja mara mbili.

Msiwaze kijiwe tu. Kijiwe cha jioni mara nyingi ni cha wanaume, lakini meza ya nyumbani inaweza kuwa na dada, shemeji na binti wa sekondari aliyeko likizo. Wazazi wengi wakiona karata wanafikiri kamari, na hawana kosa kufikiri hivyo. Waelezeni mapema, tena waacheni wakae watazame. Katika mchezo huu hakuna wa kumla mwenzake pesa, kwa sababu hakuna mshindi mmoja. Sheria ya kutocheza kwa fedha iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari.

Siku hiyo ya kwanza msieleze sheria zote. Soma ya kwanza hadi ya tatu, chezeni zamu moja kila mtu, kisha elezeni mlipuko utakapokaribia. Msihesabu kikao hicho kwenye kampeni, ni cha kujifunza. Huenda mtashindwa. Angalieni watu wanafanya nini baada ya kushindwa. Wakianza kutafutana nani aliyeiacha Chimala, rudini kwenye sheria ya mwenye zamu. Wakisema "turudie", mmepata kundi.

Jambo la mwisho ni kumaliza. Siku ya kikao cha nane iwe inajulikana tangu mwanzo, na siku hiyo pikeni kitu, hata kama ni mahindi ya kuchoma na chai. Hesabuni ghala na X kwenye ramani. Boksi hilo halitatumika tena. Ubandikeni ukutani, na mkianza msimu mwingine choreni jipya. Novemba mvua ikinyesha na kila mtu akiwa shambani kwake, mtakuwa watu wanne waliowahi kuahidiana kitu kidogo na kukitimiza, na mnaojua ni nani wa kumpigia simu mtu akiona viwavi wa kweli kwenye mahindi yake.