Ni Uzee Tu

Wasomaji wetu, katika nyumba nyingi yumo mzee ambaye kila kukicha ana neno: leo goti, kesho mgongo, kesho kutwa kichwa. Watoto wakiisha kuzoea humjibu, "Ni uzee tu, mama," kisha kila mtu hushika kazi yake. Twakiri kwamba hata sisi tumejibu hivyo. Mwezi huu twataka kuonyesha ubaya wa jibu hilo.

Katika jamaa zetu alikuwako bibi mmoja aliyeumwa magoti miaka mingi. Hata hivyo alilima bustani yake, na jioni aliketi barazani akizungumza na mumewe. Mume alipofariki, magoti yalizidi kuuma, hata bibi akawa hatoki chumbani. Usiku hakupata usingizi, na chakula alionja tu. Sisi tukahangaika na dawa za kuchua; wala hapana hata mmoja aliyemtaja marehemu mbele yake, maana tuliogopa kumliza.

Lakini mwili na moyo havikai nyumba mbili. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kwamba habari za maumivu, zikipita katika mishipa ya fahamu, hukuta kama mlango katika uti wa mgongo. Mlango huo huweza kufunguka zaidi au kufungwa kidogo, na ubongo una amri juu yake. Mafundisho yao yamesahihishwa baadaye katika mambo kadha wa kadha, lakini neno kubwa limesimama: hofu, huzuni na upweke huweza kuzidisha maumivu, utulivu na mazungumzo mema huweza kuyapunguza.

Tena mambo haya huzunguka. Mwenye maumivu halali vema, wala hapendi kutembea. Asipotembea, viungo hukakamaa na misuli hulegea. Akikaa peke yake huzuni humwingia, na huzuni huyarudisha maumivu kwa nguvu mpya.

Basi je, tuseme maumivu ya wazee ni mawazo tu? Hasha! Maumivu ni ya kweli, na mwenye kuumwa ndiye ayajuaye. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Cicely Saunders wa Uingereza aliacha uuguzi kwa sababu ya mgongo wake mwenyewe, akasoma udaktari, na mwaka 1967 akafungua mjini London nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotazamiwa kupona. Alifundisha kwamba maumivu huugusa mwili, moyo, roho, na maisha ya mtu pamoja na jamaa zake. Lakini hakuwanyima dawa. Alitaka wapewe kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi.

Yafaa nasi tushike yote mawili. Maumivu mapya, au yaliyozidi ghafula, yapelekwe hospitali. Na mzee akishikwa na huzuni muda wa majuma mawili, asitamani chakula wala watu, daktari aambiwe hayo pia. Huo ni ugonjwa wenye matibabu, wala si tabia ya uzee. Akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake, na apelekwe siku iyo hiyo.

Yule bibi alisaidiwa kwanza na mjukuu wake mdogo, aliyeuliza bila hofu, "Bibi, babu alikuwa mtu wa namna gani?" Bibi akalia sana, kisha akasimulia mpaka usiku. Baada ya siku chache aliomba fimbo, akajikongoja mpaka barazani. Magoti hayakupona, na dawa aliendelea kutumia; lakini bustani yake ililimwa tena.

Basi jioni ya leo, mzee wako akisema goti lamwuma, vuta kiti uketi. Mwulize habari za goti, kisha mwulize na habari za moyo.