Maji Yanayokwenda Chini Kutafuta Mafuta

Likizo iliyopita nilikwenda kumwamkia mjomba wangu, ambaye ni mvuvi katika mwalo mmoja wa Ziwa Albert, upande wa Buliisa. Tulipokuwa tukishona nyavu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema, "Mpwa wangu, wewe unasoma. Ati ni kweli ya kuwa watu wa mafuta watavuta maji ya ziwa na kuyasukuma chini ya ardhi? Mafuta na maji hayapatani. Basi maji ni ya nini?" Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa sayansi, nikatafuta vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Yafaa kwanza tuondoe kosa moja. Watu wengi hudhani ya kuwa mafuta hukaa chini kama ziwa jeusi ndani ya pango kubwa, na kwamba kazi ni kuteremsha bomba na kuvuta tu. Sivyo. Mafuta hukaa katika vijitundu vidogo mno vya mwamba wa mchanga, kama chai iliyofyonzwa na kipande cha mkate. Ukitaka kuona kwa macho, chukua gilasi, simamisha mrija ndani yake hadi chini, kisha jaza mchanga mkavu pembeni mwa mrija. Mimina mafuta ya kupikia juu ya mchanga mpaka ulowe. Sasa pitisha maji polepole katika mrija. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, yatashika chini na kuyainua mafuta, nawe utayaona yakitokeza juu ya mchanga. Lakini angalia pia jambo la pili: hata ukimwaga maji mengi namna gani, mchanga hubaki na mafuta yaliyoung'ang'ania.

Hiyo ndiyo habari yote ya maji na mafuta, ila tu kwamba gilasi yetu haina kina cha mamia ya mita.

Kisima kipya mara nyingi hutoa mafuta chenyewe, maana mafuta hayo yamebanwa na uzito wa miamba, tena yana gesi ndani yake kama soda iliyozibwa. Ukifungua, husukumana kutoka. Baada ya muda nguvu hiyo hupungua, na mafuta mengi yamo bado. Hapo ndipo maji huingizwa kwa visima vingine vya pembeni, ili yashike mahali pa mafuta yaliyotoka, yarudishe msukumo, na kuyaswaga yaliyobaki kuelekea visima vya kutolea.

Mbinu hii haikubuniwa na mtu mwenye akili nyingi mezani. Ilijitokeza kwa bahati mbaya. Huko Pennsylvania, Marekani, karne ya 19, maji ya tabaka za juu yalivuja ndani ya visima vilivyoachwa, nao watu wakaona kwamba visima vya jirani vimeongeza mafuta. Wengine wakaanza kuingiza maji kwa siri, maana sheria ya pale ilikataza mpaka mwaka 1921. Leo Saudi Arabia husafisha mamilioni ya mapipa ya maji ya bahari kila siku na kuyapeleka jangwani, ili kulisukuma shamba lake kubwa la mafuta la Ghawar. Katika Bahari ya Kaskazini, wachimbaji waligundua mwaka 1984 kwamba sakafu ya bahari chini ya mitambo yao ya Ekofisk inadidimia, maana mafuta yalikuwa yametoka na mwamba wa chokaa ukawa unabonyea. Mwaka 1987 waliinua mitambo hiyo mita 6 kwa majeki, wakaanza kuingiza maji kwa wingi.

Sasa turudi kwetu Uganda. Mafuta kutokeza kando ya Ziwa Albert si habari mpya; mtaalamu wa miamba E. J. Wayland aliyaandika katika miaka ya 1920, na mwaka 1938 kisima kilichimbwa karibu na Butiaba. Lakini mafuta ya kutosha biashara yalipatikana mwaka 2006. Inakadiriwa kwamba yamo mapipa bilioni 6.5 chini ya ardhi, na yanayoweza kutolewa ni bilioni 1.4 hivi. Msomaji na apige hesabu: ni kama pipa moja katika kila matano. Manne yatabaki mwambani, kama katika gilasi yetu.

Kazi imegawanyika sehemu mbili. Kingfisher, iliyo chini ya genge la ziwa pale Buhuka, ilianza kuchimbwa Januari 2023. Tilenga, katika Buliisa na ng'ambo ya Nile ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, ilifuata katikati ya mwaka uo huo. Tilenga ilipangiwa visima zaidi ya 400, na, hapa ndipo niliposhangaa, karibu nusu yake si vya kutoa mafuta bali vya kuingiza maji! Sababu ni kwamba mafuta yetu hayako mbali sana chini, basi msukumo wake ni mdogo, tena yana nta nyingi. Ukiyaacha yapoe huganda, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 la kwenda Chongoleani, Tanga, limefanywa la kupashwa moto njia nzima.

Maji hayaingizwi hivi hivi kama yalivyotekwa. Huchujwa kwanza, kwani tope kidogo tu huziba vijitundu vya mwamba. Huondolewa oksijeni, isije ikayala mabomba kwa kutu. Huuliwa vijidudu, maana wako wanaoishi pasipo hewa na kutengeneza gesi yenye harufu ya yai viza, nayo ni sumu. Hata wakati wa kuchimba maji hutumika, yakichanganywa na udongo kuwa tope maalumu la kupoza kekee, kupandisha vipande vya mwamba na kuzuia mafuta yasilipuke. Hayo ni machache ukiyalinganisha na ya kuingiza.

Ni mengi kiasi gani? Tuseme, kwa mfano tu, kila pipa la mafuta lingedai pipa moja la maji ya ziwa. Tilenga imekusudiwa kutoa mapipa 190,000 kwa siku wakati wa kilele, na Kingfisher 40,000, jumla 230,000. Pipa la mafuta ni lita 159, yaani karibu madebe tisa. Basi kwa siku tungepata lita milioni 36 na nusu. Kila mtu akipewa lita 20 za kunywa na kuoga, hayo yangewatosha watu 1,800,000. Kwa hesabu hii mtu aweza kukasirika.

Lakini lipime pia ziwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 5,300 hivi. Ukiyatandaza maji hayo ya mwaka mzima juu ya eneo hilo, unapata unene wa milimita mbili na nusu tu. Jua peke yake hunyonya zaidi ya mita moja kila mwaka, na mito Semliki na Nile hulijaza tena. Mwaka 1962 ziwa lilifurika likaharibu bandari ya Butiaba. Mwaka 2020 lilipanda tena likafunika nyumba za wavuvi. Basi kwa maoni yangu anayesema kwamba ziwa litakauka kwa ajili ya pampu za mafuta anapiga kelele mahali pasipo moto. Anayechimba visima vingi vya maji ardhini karibu na kijiji, huyo ni mwingine; maji ya ardhini hujazwa polepole, na kisima cha akina mama chaweza kukauka hali ziwa liko palepale.

Jambo la kuogopa ni maji yanayorudi. Mafuta hayatoki peke yake. Hutoka pamoja na maji yaliyokaa mwambani tangu zamani, na kadiri kisima kinavyozeeka ndivyo maji yanavyozidi. Duniani viko visima vizee vinavyotoa mapipa tisa ya maji kwa pipa moja la mafuta. Maji hayo si ya kunywa. Yana chumvi, matone ya mafuta, na pengine madini ya sumu. Wanawake wa Kibiro, ambao kwa karne nyingi wamekuwa wakitengeneza chumvi kwa udongo uliolowa chemchemi za moto, wajua barabara kwamba maji ya chini si sawa na ya juu.

Mpango uliowekwa ni kuyasafisha kidogo na kuyarudisha chini palepale yalipotoka, ili ziwa lisiguswe. Ni mpango mwema, tena hupunguza maji mapya yanayotakiwa ziwani. Lakini wataka mabomba mazima, saruji imara kuzunguka visima, na mtu aliye macho usiku na mchana. Katika Oklahoma, Marekani, maji machafu kama hayo yalisukumwa kwa wingi katika tabaka nyingine ya chini kabisa, yasikotoka mafuta; miamba ikateleza, na tarehe 3 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.8 likatikisa mji wa Pawnee. Kuyarudisha mahali pa mafuta ni salama zaidi, kwani unajaza pengo ulilolifanya mwenyewe. Hata hivyo sisi tunakaa katika Bonde la Ufa. Wazee wa Toro hawajasahau tarehe 20 Machi 1966, tetemeko lilipoua watu zaidi ya 100.

Gesi haina makuu namna hii. Ile ya Songo Songo huko Tanzania, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, hupanda kwa nguvu yake. Kuingiza maji kungeifungia chini. Ila gesi iliyonaswa katika mwamba mgumu kama ile ya Texas hudai mwamba upasuliwe kwa maji na mchanga, na kisima kimoja chaweza kumeza mamilioni ya lita.

Nilimwandikia mjomba haya yote. Nilimpa pia jaribio alilotufundisha mwalimu, ambalo lataka sufuria safi, moto na mizani. Teka maji ya kisima cha kijiji kikombe kimoja, yachemshe polepole mpaka yakauke kabisa, utazame unga mweupe uliobaki. Ukusanye, uupime kwa mizani ya maabara, uandike tarehe katika daftari. Fanya hivyo kila mwezi, kisima kile kile, kikombe kile kile. Unga ukianza kuongezeka mwezi kwa mwezi, huenda chumvi imeingia kutoka mahali fulani, na daftari hilo lipelekwe kwa afisa wa maji wa wilaya. Mjomba amejibu kwamba ameanza, na kikombe cha kwanza kimeacha unga wa kujaa ncha ya kisu.