Mzazi Aliyeua Mtoto Mbele ya Korti

Wahenga walisema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Kwa hiyo isikiwapo kijijini kwamba mama au baba amemwua mtoto wake, watu hugawanyika. Wengine hutaka anyongwe mara moja. Wengine husema mtoto ni wake, na mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Sheria ya Kenya haikubaliani na upande wo wote. Uzazi haumpi mtu ruhusa ya kuua, wala si kila kifo hulipwa kwa adhabu moja. Korti huuliza: mzazi huyu alikuwa na nia gani, na akili yake ilikuwa katika hali gani?

Kosa lililo kubwa ni kuua kwa kukusudia. Zamani, hatia ikiisha kuthibitika, Jaji hakuwa na hiari ila kutoa hukumu ya kifo. Mwanamke mwenye mimba tu ndiye aliyefungwa maisha badala yake. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha Jaji hivyo ni kinyume cha Katiba. Hukumu ya kifo haikufutwa, lakini sasa Jaji husikiliza kwanza maombi ya mshtakiwa, kisha hupima adhabu.

Kosa la pili ni kuua bila kukusudia. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, au ikawa miaka michache. Jaji hutazama jinsi mtoto alivyopigwa, kama mzazi alimkimbiza hospitali, kama alikiri kosa, na muda aliokaa rumande. Lakini baba asijidanganye kwamba alikuwa akimrudi mtoto tu. Akikusudia kumwumiza vibaya, hata kama hakutaka afe, sheria huhesabu kuwa aliua kwa kukusudia.

Kosa la tatu humhusu mama peke yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1922, iliyopanuliwa mwaka 1938, ilitambua kwamba kuzaa kwaweza kuivuruga akili ya mwanamke. Kenya ina sheria ya namna hiyo. Mama akimwua mtoto wake asiyetimiza miezi 12, hali akili yake haijatulia kwa sababu ya kuzaa au kunyonyesha, huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Jaji aweza hata kumweka chini ya uangalizi bila kumfunga. Baba hana mlango huo.

Haya si kuidharau damu ya mtoto. Ni kutofautisha ukatili na ugonjwa. Basi mama aliyejifungua akikosa usingizi, akilia bila sababu, au akimwogopa mtoto wake mwenyewe, jamaa zake wasimcheke wala wasimwache peke yake. Wampeleke hospitali mapema. Jaji aweza kupima adhabu, lakini hawezi kumrudisha mtoto.