Mkasi, Gundi na Mikono ya Askari

Miezi ya Novemba na Desemba huwakuta askari wa Uganda wametawanyika mahali pengi. Wengine wamo langoni mwa kambi zao, wengine wamesimama barabarani wakiongoza magari ya watu wanaorudi kwao kwa sikukuu, na tangu mwaka 2007 wamekuwako pia wale waliopata kuiona Krismasi ya Mogadishu. Katika kota wamebaki akina mama na watoto waliofunga shule, mvua inanyesha, na mikono haina kazi. Kwa ajili ya mikono hiyo, na ile ya baba zao wanapopata likizo, tumeonelea tuandike leo juu ya kazi za karatasi na kitambaa zinazoweza kufanyika juu ya meza ya kulia chakula.

Tunafahamu kwamba wapo wasomaji watakaotabasamu na kusema kuwa hayo ni mambo ya watoto wa chekechea, wala hayamhusu mtu aliyekula kiapo cha bunduki. Tunawaomba wavumilie kidogo. Ua la karatasi linalojulikana kuliko mengine yote katika majeshi ya Jumuiya ya Madola lilitengenezwa na askari, tena askari waliokatika viungo.

Ua hilo ni popi nyekundu. Mbegu zake zaweza kulala ardhini miaka mingi bila kuota, hata udongo ufukuliwe na jua lizifikie. Katika Vita Kuu ya Kwanza, udongo wa Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa ulifukuliwa na mizinga na mahandaki kuliko jembe lolote lilivyopata kuufukua, na popi zikachanua baina ya makaburi. Daktari wa kijeshi kutoka Kanada, John McCrae, alilitaja ua hilo katika shairi lililochapishwa Desemba 1915. Mwalimu wa Kimarekani, Moina Michael, alilisoma shairi hilo Novemba 1918 akaazimia kuvaa popi daima kwa kuwakumbuka waliokufa. Kisha akatokea mama wa Kifaransa, Anna Guérin, ambaye aliliona jambo hilo kwa jicho la mtu anayejua njaa: maua ya kitambaa yangeweza kushonwa na wajane na wanawake wa sehemu zilizobomolewa na vita, yakauzwa, na fedha zikawarudia wenye shida. Maua yake ndiyo yaliyouzwa Uingereza tarehe 11 Novemba 1921, yakaleta zaidi ya pauni 106,000.

Mwaka uliofuata alijitokeza afisa mmoja, Meja George Howson, aliyepata nishani ya Military Cross katika vita hiyo. Alikuwa amekwisha kuunda chama cha walemavu wa vita, na aliwaona wenzake wakizurura mijini London bila kazi, huyu hana mguu, yule hana mkono. Akaomba pauni 2,000, akakodi chumba karibu na Old Kent Road, akawaweka watu 5 wakate na kuunganisha popi. Hapa pana jambo linalotupendeza sisi tuliofundishwa kupanga kazi kabla ya kuwapanga watu. Meja Howson hakuanza kwa kutafuta watu wenye viungo kamili watakaoweza kulitengeneza ua. Alilipanga ua lenyewe litengenezeke na mtu mwenye mkono mmoja. Sehemu zake zilikuwa chache na kuunganika kwake kulikuwa kwepesi. Baada ya miaka michache karakana hiyo ilihamia Richmond, kando ya mto Thames, na mpaka leo jina lake ni la kiwanda cha popi. Edinburgh nako, mke wa Jemadari Mkuu Haig alifungua kiwanda kingine mwaka 1926, kwa sababu maua ya London yalikuwa yakimalizika kabla ya kufika Uskoti. Popi ya Uskoti ina petali 4 wala haina jani, na Waskoti hawakubali kubadilishiwa. Mwaka 2023 ilitolewa popi mpya ya Uingereza iliyo ya karatasi tupu, bila plastiki yoyote.

Wafaransa wana ua lao, la rangi ya buluu, waliitalo bleuet. Jina hilo lilikuwa pia la utani: wakongwe wa mahandaki, waliokuwa wamezoea suruali nyekundu za zamani, waliwaita hivyo makuruti waliofika na sare mpya za buluu. Katika jengo la Invalides, mjini Paris, wanawake wawili, Suzanne Lenhardt, muuguzi mkuu aliyekuwa mjane wa kapteni, na Charlotte Malleterre, binti wa jenerali na mke wa jenerali, waliwafungulia majeruhi karakana. Petali zilikatwa katika kitambaa, na zile nyuzinyuzi za katikati ya ua zilikatwa katika gazeti kuukuu. Tarehe 11 Novemba 1934 yaliuzwa maua 128,000. Basi msomaji anayelishika gazeti hili asilitupe akishamaliza.

Wazee wetu wa Keya walilifahamu ua la popi. Waliomfukuza Mjapani katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, walirudi nyumbani, na wengine wao walionekana kila Novemba wamesimama mbele ya mnara, ua kifuani pamoja na medali. Kwa wengi ua lile la karatasi lilidumu siku moja tu, lakini siku hiyo waliitwa kwa vyeo vyao.

Tuje sasa kwenye vifaa. Watu wa Ulaya hutumia karatasi na felti. Askari asidhani felti ni kitu kigeni kwake, maana huivaa kichwani: bereti ya sufu hufanywa vivyo hivyo. Unyoya wa kondoo una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukiloweshwa maji ya moto na sabuni, ukasuguliwa na kugandamizwa, magamba hayo hushikana yasiachane tena. Kwa hiyo felti halisi haifumuki nyuzi inapokatwa, wala haihitaji pindo. Hiyo ndiyo sababu watoto huipenda, kwani kila wakatalo hubaki lilivyokatwa. (Tunatoa onyo mapema: bereti ni mali ya serikali. Mtoto atakayekata nyota katika bereti ya baba yake atamfikisha baba huyo mbele ya afisa wake kueleza mambo yasiyoelezeka.)

Felti ni adimu katika maduka yetu na bei yake si ya askari. Lakini Uganda inacho kitambaa chake kisichofumwa, nacho ni lubugo. Gome la mti wa mutuba huambuliwa, likachemshwa au kupashwa mvuke, likapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka likatanuka na kuwa laini, rangi yake ikiiva juani kuwa ya udongo mwekundu. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa wanadamu. Vipande vinavyobaki baada ya mafundi kukata mikoba na kofia hupatikana kwa bei ndogo, navyo hukatika kwa mkasi kama felti. Ila ni vyema kuuliza kwanza. Katika Buganda lubugo ni nguo ya kutawazwa na nguo ya kuzikiwa, na mama mkwe mwingine hatafurahi kuiona imening'inia juu ya mti wa Krismasi. Ikiwa hivyo, blanketi kuukuu la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto hata likasinyaa litafaa badala yake.

Ua la karatasi hutengenezwa hivi. Chukua karatasi nyekundu ngumu kidogo, kata petali 4 zenye umbo la moyo, kila moja upana wa sentimita 5. Zizungushe kingo zake juu ya kalamu ya risasi ili zijikunje, maana ua lililolala bapa hufanana na alama ya barabarani. Zipange petali kwa kupishana, zibandike katikati, kisha weka juu yake duara jeusi la upana wa sentimita 2 lililochanwachanwa ukingoni. Jani la kijani likipenda liwepo, na pini nyuma. Anayetaka ua lenye kujaa zaidi atumie karatasi ya shashi: miraba 6 ya sentimita 10, ipangwe pamoja, ikunjwe huku na huku kama feni, ifungwe waya katikati, halafu kila tabaka livutwe juu polepole. Polepole, tunarudia, kwa kuwa shashi huchanika kuliko subira ya mtoto wa miaka 6. La lubugo au blanketi ni jepesi kuliko yote: duara la sentimita 6, duara la sentimita 5 juu yake, na kifungo cheusi cha shati kikishonwa katikati kushika yote mawili. Kifungo cha shaba chenye nembo kiachwe mahali pake. Na hakuna ua litakalovaliwa juu ya sare bila amri. Raia na watoto ndio walio huru.

Gundi si lazima inunuliwe. Kijiko kimoja cha unga wa muhogo kikorogwe katika maji baridi, kimiminwe ndani ya maji yanayochemka, kikorogwe mpaka uji uanze kung'aa. Ukipoa, hushika karatasi barabara. Hauzidi siku chache bila kuchacha.

Nyota za mti hatutazieleza kwa urefu, kwa vile kila mtoto wa shule anazijua. Tunasema tu kwamba tawi la saiprasi lililopambwa kwa nyota za lubugo na za magazeti linatuingia moyoni zaidi kuliko lile lililofunikwa pamba iigize theluji. Theluji yetu iko Rwenzori, na wanaoijua ni wachache.

Shanga za karatasi ndizo zinazostahili maelezo marefu, kwa kuwa ndizo zinazoingiza fedha. Huko Kireka, kandokando ya Kampala, katika mtaa uitwao Acholi Quarter, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini walijikuta wakiponda kokoto katika machimbo kutwa nzima. Wengi wao walijifunza kuviringisha shanga, na mikufu yao ikavuka bahari kuuzwa Ulaya na Marekani. Karatasi iliyo bora ni ya kalenda au ya gazeti lenye kung'aa. Chora pembetatu nyembamba, kitako sentimita 1 na nusu, urefu sentimita 30, ukienda mpaka ncha kali. Anza kuviringisha kutoka kwenye kitako juu ya sindano nene au kijiti cha mshikaki, ukiikaza karatasi na kuiweka katikati. Paka gundi katika sehemu ya mwisho tu, ufunge ncha. Shanga hutoka nene katikati na nyembamba kandoni. Zitunge katika uzi zisigusane, zichovye katika vanishi, zianike. Rudia mara mbili au tatu, kila mara baada ya kukauka kabisa. Asiyengoja vanishi ikauke atapata mkufu ulioganda kama kashata.

Katika kambi moja tulimkuta sajini aliyepoteza mkono wa kushoto akiviringisha shanga pamoja na binti zake. Alikuwa ameinamisha kichwa, kijiti kimechomekwa katika tundu la ubao, kidole gumba kikisukuma karatasi. Tukamwuliza ni nani anayemshikia.

"Jiwe, afande," akajibu, akatuonyesha jiwe la mtoni lililolalia ncha ya karatasi.

Hakuwa amepata kusikia habari za Meja Howson. Tulipomsimulia, aliuliza tu kama mafundi wale wa London walilipwa kwa siku au kwa idadi ya maua. Swali hilo ni la haki. Mkufu mmoja una shanga nyingi na shanga huchukua muda, kwa hiyo vikundi vya akina mama kambini visiuze kwa huruma ya mnunuzi bali kwa hesabu ya vanishi, uzi na saa zilizotumika. Faida ikipatikana, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi ni mahali panapofaa kuiweka, kabla Januari na karo zake haijaifikia.

Jambo moja zito. Karatasi za ofisini zisigeuzwe shanga. Orodha ya zamu, nakala ya ripoti, barua yenye muhuri, ramani, hata ziwe kuukuu namna gani, zina utaratibu wake wa kuharibiwa. Karatasi iliyoviringishwa hufunguka ikilowa maji, na maandishi yake husomeka. Siri ya kikosi isiende kuvaliwa shingoni mwa mtalii.

Kazi zilizokwisha ziwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko, kwa sababu mende hupenda unga wa muhogo kuliko watoto wanavyopenda biskuti. Wenye ndugu waliotumwa mbali nao wasisahau: kadi yenye ua lililobandikwa bapa husafiri salama katika mfuko wa askari anayekwenda kubadilisha zamu, lakini ua lililojaa hufika limesagika. Liwe bapa, na jina la mpelekewa liandikwe pamoja na kikosi chake, kwa wino usiofutika na jasho.