KUAZIMISHA HISA: KIPATO CHA ZIADA AU KUTOA MAMLAKA?

Katika semina moja ya makada mjini Ifakara, mwalimu wa shule ya msingi alisimama akauliza swali ambalo wengi wetu hatukulitazamia. Alikuwa na hisa alizozinunua kidogo kidogo kwa kubana mshahara wake. Ndugu yake aishiye ng'ambo alikuwa amemweleza kwamba huko mtu huweka saini tu, hisa zake zikaazimwa na wengine, naye akalipwa bila kuuza hata hisa moja. "Ndugu Mkufunzi," alisema, "fedha hizo zinatoka wapi? Mimi nikilipwa, nani analipa, na kwa sababu gani?"

Makada wawili walimjibu upesi. Wa kwanza alisema huo ni unyonyaji mtupu, aachane nao. Wa pili alisema hiyo ni fedha ya bure, aipokee. Majibu yote mawili yalikuwa mepesi kuliko swali lenyewe. Wajibu wa kada ni kulichambua jambo kabla ya kulihukumu, na hilo ndilo tutakalojaribu kulifanya hapa.

Hisa ni nini?

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Humpa mwenyewe mambo matatu: sehemu ya faida iitwayo gawio, haki ya kuiuza, na sauti, yaani kura katika mkutano mkuu wa kampuni. Mambo mawili ya kwanza ni fedha. La tatu ni mamlaka.

Katika nchi yetu hisa ziliingia maishani mwa watu wa kawaida baada ya mabadiliko ya uchumi ya miaka ya 1990. Mwaka 1998 ndipo Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza shughuli zake. Mwaka huohuo, hapa bondeni kwetu, kiwanda cha sukari cha Kilombero kilibinafsishwa. Sehemu kubwa ya umiliki ikaenda kwa wawekezaji kutoka nje, Serikali ikabaki na asilimia 25. Mwaka 2008 Serikali iliuza kwa umma sehemu ya hisa zake katika benki ya NMB. Mwaka 2017 hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa shilingi 850 kila moja. Hivyo leo mwalimu, muuguzi au mkulima wa mpunga aweza kuwa mwenye hisa mia mbili au mia tano.

Je, mtu huyo amekuwa bepari? La hasha. Anaishi kwa jasho lake, na gawio lake pengine halitoshi kununua gunia moja la mbolea. Lakini si mfanyakazi mtupu pia. Ana sura mbili, na biashara tunayoizungumzia inaugusa upande wake ule wa umiliki.

Mfano wa magunia kumi

Tuuache mji wa Dar es Salaam kwa muda, tutazame mpunga tunaoufahamu. Bei na hesabu zifuatazo ni za mfano tu.

Ni mwezi wa Februari. Mkulima wa Lipangalala ana magunia kumi ghalani, naye hana nia ya kuyauza mwaka huu. Ni akiba ya nyumba yake. Mfanyabiashara anakuja kwa mwenye ghala na kusema: "Niazime magunia kumi. Mwezi wa Juni nitarudisha magunia kumi ya mpunga wa aina hiyohiyo, na juu yake nitalipa shilingi 60,000." Mwenye ghala anakubali. Anachukua 30,000, na 30,000 anampa mkulima.

Mfanyabiashara anayauza magunia siku ileile kwa 120,000 kila moja na kupata 1,200,000. Anangoja mavuno. Juni mpunga umejaa barabarani, bei imeshuka hadi 80,000. Ananunua magunia kumi kwa 800,000 na kuyarudisha ghalani. Tofauti ni 400,000. Akiondoa ada ya 60,000, amebaki na 340,000, ingawa hakuwa na hata punje moja ya kwake.

Lakini ikitokea mto Kilombero ukafurika, mashamba yakazama, na bei ikapanda hadi 160,000, mambo yanageuka. Sasa anahitaji 1,600,000 ili arudishe alichoazima. Amepoteza 460,000, na bei ikizidi kupanda hasara yake nayo inazidi, wala haina kikomo. Akishindwa, akatoroka usiku, nani amepoteza mpunga?

Weka neno hisa mahali pa mpunga, na dalali wa hisa mahali pa mwenye ghala, nawe umeielewa biashara yote. Tofauti moja tu ikumbukwe: mpunga una msimu, na kila mtu wa bondeni anajua bei hushuka lini. Hisa haina masika wala kiangazi. Anayeiazima na kuiuza anabashiri tu kwamba bei itaanguka.

Hapo swali la mwalimu limepata jibu lake la kwanza. Anayelipa ni yule anayetazamia kuanguka kwa bei ya mali ya mwalimu mwenyewe.

Je, biashara hii ni hujuma?

Biashara hii si ya jana. Mwaka 1609 mjini Amsterdam, Isaac Le Maire na wenzake waliuza hisa za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki wasizokuwa nazo, wakitarajia bei ishuke. Mwaka 1610 watawala waliipiga marufuku. Tangu hapo imekuwa ikikatazwa na kuruhusiwa kwa zamu. Septemba 2008, mabenki yalipokuwa yakianguka, Marekani iliizuia kwa muda kwa hisa za mamia ya kampuni za fedha.

Wengine humwita muuzaji wa namna hii mlanguzi. Neno hilo peke yake halitoshi. Wapo waliochunguza vitabu vya kampuni, wakagundua udanganyifu ambao wakaguzi waliupitisha, wakauza hisa za kuazima na kutangaza waliyoyaona. Ndivyo ilivyotokea kwa Enron ya Marekani iliyofilisika mwaka 2001, na kwa Wirecard ya Ujerumani iliyoanguka mwaka 2020. Mtu aliyetafuta faida yake binafsi aliufichua uongo uliokuwa ukiwaumiza wengi. Hayo ni mambo mawili yanayopingana ndani ya kitu kimoja, na kada asiyeona upande wa pili hataweza kuwashawishi wanaouona.

Hali kadhalika, tukiri kwamba mkulima wetu ambaye asingeuza kwa vyovyote amepata 30,000 ambazo asingezipata. Hilo ni kweli. Swali ni: ametoa nini?

Alichokitoa mwenye hisa

Kwanza, ametoa sauti yake. Hisa ikishaazimwa na kuuzwa, mwenye kura ni yule aliyeinunua. Muazimaji humfidia mwazimishaji kiasi cha gawio, lakini kura haifidiwi. Siku kampuni inapoamua kuuza mali yake au kubadilisha wakurugenzi, mwalimu wetu yumo katika hesabu ya faida, ila hayumo katika mkutano.

Pili, ameongeza bidhaa sokoni. Magunia kumi hayashushi bei ya Ifakara. Magunia elfu kumi ya akiba yakiazimwa na kuuzwa kwa pamoja, yatasaidia kuishusha, na akiba ya waliobaki nayo itapungua thamani. Kila mwenye hisa mdogo hutia saini peke yake, lakini matokeo huwapata wote.

Tatu, amebeba hatari. Kwa kawaida muazimaji huweka rehani. Lakini rehani nayo yaweza kuchezewa. Kampuni kubwa ya bima ya Marekani, AIG, iliazimisha hati za kampuni zake tanzu za bima, ikazichukua fedha za rehani na kuziweka katika mikopo mibovu ya nyumba. Mwaka 2008 waazimaji walipodai rehani zao, fedha hazikuwapo, na benki kuu ya nchi ile ikalazimika kuingilia kati.

Nne, mali yake imeingia katika mnyororo asiouona. Hisa iliyoazimwa huuzwa; aliyeinunua naye aweza kuiazimisha tena. Ndiyo maana Januari 2021 hisa za kampuni ya GameStop zilizouzwa kwa kuazima zilizidi idadi ya hisa zote zilizokuwa huru sokoni. Wanunuzi wadogo walipoungana kununua, bei ilitoka chini ya dola 20 mwanzoni mwa mwezi na kupita 480 kwa muda mfupi tarehe 28. Mfuko wa Melvin Capital uliokuwa umebashiri anguko ulipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mwezi huo, na mwaka 2022 ukafungwa.

Tano, ada imegawanywa na mwenye ghala. Huyu hakuwa na mpunga wala hakubashiri bei, lakini alichukua nusu. Huko ng'ambo baadhi ya madalali hutoa nusu ya mapato kwa mwenye hisa, na wengine hutoa chini ya hapo.

Wajibu wetu

Jambo hili limekwisha kubisha hodi kwa jirani. Kenya ilitunga kanuni za kuazimisha hati na kuuza hisa za kuazima mwaka 2017. Hatuna budi kujiandaa kwa elimu kabla ya kuletewa karatasi za kutia saini.

Tunalo funzo la nyumbani. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilijengwa juu ya wazo jepesi: mazao yakiwa ghalani, mwenye stakabadhi ndiye mwenye mali. Wazo hilo litupe masharti ya kudai. Idhini itolewe waziwazi, isifichwe ndani ya fomu ya kufungua akaunti. Rehani izidi thamani ya hisa, ipimwe kila siku, na ishikwe na mtu wa tatu. Mwenye hisa aweze kuzirudisha kabla ya mkutano mkuu ili apige kura. Mgawanyo wa ada ujulikane. Na idadi ya hisa zilizouzwa kwa kuazima itangazwe hadharani.

Mwalimu yule aliuliza fedha zinatoka wapi. Tumjibu hivi: Ndugu, zinatoka kwa mtu anayehitaji mali yako ili kubashiri kwamba itashuka thamani. Waweza kukubali, waweza kukataa. Lakini kwanza uliza magunia yako yatakuwa mikononi mwa nani, na ni nani atakayekaa kwenye kiti chako siku ya mkutano. Asiyekuwa na jibu la maswali hayo mawili asitie saini.